Mwongozo kamili: kuchuna semikondakta mpaka tabaka moja lenye unene wa atomi tatu na kupima mwanga wake, ukiwa hapa hapa Mwanza

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujatoka, ukisimama Igombe au juu ya mawe ya Capri Point unaona ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa, na siku hizi nyingi sio karabai tena, ni LED za betri. Ndani ya kila LED kuna jambo moja linajirudia bila kukoma: elektroni inakutana na tundu (yaani nafasi iliyoachwa wazi na elektroni nyingine), zinaungana, na nishati inayobaki inatoka kama mwanga. Mwongozo huu unahusu jambo hilohilo, ila kwenye semikondakta (nyenzo zinazopitisha umeme nusunusu) nyembamba mno, MoS2, WS2, MoSe2 na WSe2, yaani molibdenamu (Mo) au tangsteni (W) iliyoungana na salfa (S) au seleni (Se), ambazo unaweza kuzichuna kwa selotepu mpaka ukabaki na tabaka moja lenye unene wa kama nanomita 0.65. Nawaandikia wanafunzi wa fizikia wa Malimbe, Nyegezi, Butimba na kokote kule ambao wamekutana na mada hii kwenye makaratasi wakaona ni ya watu wa Ulaya tu, pia mafundi wa elektroniki wanaopenda kuelewa kitu mpaka mwisho.

Kitu kimoja nataka kikukae kichwani kuanzia mwanzo: kuungana kwa elektroni na tundu sio lazima kutoe mwanga, mwanga uko kwenye mashindano na njia nyingine za kupoteza nishati, na anayeshinda anabadilika kadri unavyoongeza nguvu ya leza. Kwahiyo mtu akikwambia "sampuli yangu inawaka sana" bila kukwambia kaimulika kwa mikrowati ngapi kwenye doa la ukubwa gani, hajakwambia kitu.

Kabla hujashika chochote

Fotoni ya leza, yaani punje moja ya mwanga wake, ikimezwa, elektroni inarushwa juu ya pengo la nishati (nishati ya chini kabisa inayohitajika kuirusha) na nyuma linabaki tundu. Hali hiyo haidumu. Chukulia ni ukumbi wenye milango mitatu ya kutokea. Mlango wa kwanza ni kasoro, mfano sehemu ambayo atomi ya salfa imekosekana, elektroni inanaswa pale na nishati inaishia kuwa joto. Mlango wa pili ndo mwanga wenyewe. Mlango wa tatu unafunguka pale ukumbi ukishajaa, kwa sababu hapo wanaanza kugongana: mmoja anapotea, nishati yake yote anaibeba mwenzake, naye anaimwaga kama joto.

Kwenye LED ya kawaida elektroni na matundu yako huru, kwahiyo ukiita wingi wao n, na A, B na C zikiwa namba zisizobadilika za nyenzo yenyewe, mlango wa kwanza unaenda kwa An, wa pili Bn² kwa sababu lazima wawili wakutane, na wa tatu Cn³. Sasa kwenye tabaka moja hesabu inabadilika, na hapa ndo watu wengi wanapotea maana wanachukua fomula ya LED kama ilivyo na kuibandika. Nyenzo ikiwa nyembamba kiasi hiki, nguvu ya mvutano kati ya elektroni na tundu inapita nje kwenye hewa ambako hakuna cha kuipunguza, basi zinashikana kwa nguvu na kuwa jozi moja inayoitwa eksitoni. Kuivunja jozi hiyo kunahitaji eV 0.3 hadi 0.5 hivi (eV ni kipimo cha nishati ya elektroni moja), wakati kwenye GaAs, semikondakta nene ya kawaida, ni kama eV 0.004 tu, na joto la kawaida la chumbani ni eV 0.025. Maana yake hata mchana wa jua kali wa Mwanza eksitoni hazivunjiki. Na kwa kuwa wawili wameshakutana tayari, vipeo vya mlango wa pili na wa tatu vinashuka kwa moja: kasoro inabaki An, mwanga nao unaenda na n, na kugongana kwa eksitoni mbili ni Cn². Andika hiyo pembeni, tutaitumia hatua ya 6.

Hatua ya 1: anza na LED ya taa ya dagaa

Usiruke hatua hii eti ni ya watoto. Inakufundisha kusoma grafu kabla hujaweka pesa kwenye fuwele. Tafuta LED moja ya wati 1, iwe ya bluu au nyekundu, betri ya volti 12, rezista za kuanzia ohmu milioni 1 kushuka hadi 100 (hiyo ya 100 iwe ya wati 1 kwenda juu maana inapata moto), multimita mbili, na kisola kidogo kile cha kalkuleta au cha taa ya bustani. Vyote utavipata kwa mafundi redio na kwa machinga wa Makoroboi. Kigandamize kisola uso kwa uso na LED, zungushia tepu nyeusi mwanga wa nje usiingie, multimita moja ipime mkondo unaoingia kwenye LED na nyingine ipime mkondo wa kisola kikiwa kimefungwa moja kwa moja kwenye multimita, maana mkondo huo unaenda sambamba na mwanga.

Badilisha rezista moja moja, andika namba, chora grafu ya log kwa log, yaani logi ya mwanga dhidi ya logi ya mkondo, mteremko wake ndo kipeo. Ukiwa chini kabisa, kwenye mikroampea, kasoro ndo zinatawala, kwahiyo mwanga unapanda kwa kasi kuliko mkondo, kipeo kinasogelea 2. Katikati kipeo ni 1. Ukienda juu kipeo kinashuka chini ya 1, sehemu kwa sababu ya Cn³ na sehemu kwa sababu LED imepata joto, ndo maana kule juu uwashe kwa sekunde moja tu usome na kuzima. LED za bluu zilizowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 bado zina tatizo hilihili la ufanisi kushuka mkondo ukiwa mkubwa. Kwa mvuvi hiyo ina maana ya moja kwa moja, taa nne zinazowashwa kwa mkondo mdogo zinatoa mwanga mwingi kuliko taa moja inayokamuliwa kwa betri ileile.

Hatua ya 2: fuwele na kuchuna

MoS2 sio kitu kigeni mjini. Ile grisi nyeusi inayopakwa kwenye jointi za magurudumu ya gari ina MoS2 ndani, inateleza vizuri kwa sababu matabaka yake yameshikana kwa nguvu dhaifu sana, na udhaifu huohuo ndo unaotuwezesha kuchuna. Ila ya kwenye grisi ni unga mdogo mno, hautatoa vipande vya kuonekana. Unahitaji fuwele yenyewe, ya asili ya molibdenaiti au ya kutengenezwa maabara, kipande cha ukubwa wa kucha ya kidole kidogo kitakutosha muda mrefu sana. Ushauri wangu kama ni mara ya kwanza agiza WS2, sio MoS2, kwa sababu tabaka moja la WS2 linawaka zaidi na rangi yake ya chungwa inayoelekea nyekundu kamera ya simu inaiona vizuri.

Kuchuna kwa tepu ndo njia waliyotumia Andre Geim na Konstantin Novoselov pale Manchester kupata grafini (tabaka moja la kaboni), kazi yao ikatoka mwaka 2004 na Nobel wakapata 2010. Gandisha fuwele kwenye tepu, ichomoe, kisha kunja tepu juu yake yenyewe na ufungue taratibu, rudia mpaka vipande vianze kupoteza ule mng'ao wa kioo na kuwa vya kijivu kilichofifia. Hapo simama. Ukizidisha kukunja vipande vinasagika vinakuwa vidogo mno, na hiyo haina marekebisho.

Cha kugandishia ni kipande cha silikoni chenye ngozi ya oksaidi ya nanomita 90 au 285 hadi 300, sio unene wowote tu, kwa sababu kwenye unene huo mwanga unaorudi unaingiliana kwa namna inayofanya tabaka moja lionekane. Kisafishe kwa asetoni, kisha spiriti ya isopropili, kausha, halafu kiweke kwenye jiko la umeme la maabara nyuzi 100 kwa dakika kadhaa. Kwa sisi tunaokaa kando ya ziwa hii ya kukausha ni lazima kabisa, hewa yetu ina unyevu na maji yanajipaka juu ya oksaidi bila wewe kuyaona, matokeo yake tepu inaondoka na kila kitu. Bandika tepu kipande kikiwa bado kina joto, kandamiza kwa kidole gumba bila kusugua, kipashe tena nyuzi 100 dakika moja au mbili, acha kipoe, ndo uchomoe tepu polepole sana kwa pembe ndogo.

Hatua ya 3: kulitafuta tabaka moja

Hii ni kazi ya macho na subira. Tumia hadubini yenye mwanga unaotoka juu, ile ya madini, sio ya kuangalia damu ambayo mwanga unatoka chini na silikoni inauziba. Anza na lenzi ya 10 kuzunguka eneo lote halafu 50 kukagua. Vipande vinene vinaonekana vya njano au rangi ya fedha, vikipungua vinakuwa bluu iliyokolea, na tabaka moja ni kivuli hafifu tu chenye mpaka ulionyooka, mara nyingi kimejishika pembeni ya kipande kinene. Ukipata kivuli piga picha, kisha angalia kila rangi peke yake kwenye kompyuta, nyekundu mbali na kijani mbali, utofauti unaonekana wazi zaidi kwenye moja wapo.

Kama unaweza kufikia mashine ya Raman (inayotambua nyenzo kwa mitikisiko ya atomi zake) kwenye chuo kikubwa, MoS2 inajitambulisha yenyewe: kuna vilele viwili, na umbali kati yao ni kama sm⁻¹ 18 hadi 19 kwenye tabaka moja na kama 25 kwenye fuwele nene. Kama huwezi, usikate tamaa, mwanga wenyewe utakwambia. Mwaka 2010 makundi mawili Marekani, la Tony Heinz na Kin Fai Mak kule Columbia na lingine la Berkeley, yalionyesha kwamba MoS2 ikibaki tabaka moja pengo lake la nishati linahama kutoka aina isiyo ya moja kwa moja ya kama eV 1.3 na kuwa la moja kwa moja la zaidi ya eV 1.8. Kwenye fuwele nene elektroni iliyoko chini ya ngazi ya juu na tundu lililoko juu ya ngazi ya chini vina mwendo tofauti, na fotoni haina uwezo wa kubeba tofauti hiyo, lazima isubiri mtikisiko wa atomi uisaidie, kwahiyo mlango wa mwanga unakuwa mwembamba. Tabaka moja halina shida hiyo. Kundi la Columbia liliripoti kwamba tabaka moja lililoning'inia hewani ufanisi wake wa kutoa mwanga ni zaidi ya mara 10,000 ya fuwele nene. Ndo maana ukimulika, matabaka mawili yatabaki hafifu na lile moja litawaka.

Hatua ya 4: leza, filta na usalama

Usalama kwanza, na hapa sibembelezi. Leza za kijani za mkononi za nm 532 nyingi zina nguvu kuliko kilichoandikwa kwenye kibandiko, na ndani yake kuna mwanga wa infraredi wa nm 808 na 1064 ambao huuoni lakini unaunguza jicho vilevile. Weka filta ya kukata infraredi mbele ya leza. Usiangalie kwenye hadubini kwa jicho wakati leza imewashwa, hata sekunde moja, tumia kamera tu. Funga mlango wa chumba na uwaambie wenzako.

Mpangilio ni huu: leza, kisha vifaa vya kupunguza nguvu, kisha kioo kinachogawa mwanga, kinaushusha kwenye lenzi ya hadubini hadi kwenye sampuli, mwanga unaorudi unapita kwenye filta inayokata kila kitu chini ya nm 550 au 580, ndo unafika kwenye kamera. Filta za plastiki za rangi za taa za jukwaani zinavujisha kijani na zenyewe zinang'aa kidogo zikimulikwa, kwahiyo kama kuna kitu kimoja cha kutumia pesa ya maana ni filta ya kioo.

Nguvu ya leza usiipunguze kwa kuchezea betri, leza inabadilika tabia. Tumia polaraiza mbili (filta zinazopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu), ukizungusha moja nguvu inashuka taratibu, na ya pili iache ilipo. Kupima nguvu tumia fotodayodi ya silikoni (kijisehemu kinachogeuza mwanga kuwa mkondo), kwenye nm 532 inatoa kama ampea 0.3 kwa kila wati, kwahiyo mikroampea 3 ni kama mikrowati 10. Pima mahali sampuli inapokaa, sio mdomoni mwa leza, maana njiani unapoteza mwingi. Kwa lenzi nzuri ya 50 doa litakuwa na upana wa kama mikromita 1.

Fanya kazi usiku, dirisha limefungwa na pazia, kwanza kwa sababu ya giza na pili kwa sababu wadudu wa ziwani wanafuata mwanga na mmoja akitua juu ya kipande chako kazi ya jioni nzima imeisha.

Hatua ya 5: kupata spektra

Spektra ni grafu ya kiasi cha mwanga kwa kila rangi, na spektromita ndo kifaa cha kuipata; ya kujitengenezea inatosha kuanzia. DVD ina mistari iliyoachana nanomita 740, ipasue tabaka mbili, chukua kipande kisicho na rangi ya fedha, kiweke mbele ya kamera kwenye boksi jeusi lenye upenyo mwembamba upande wa pili. Kujua kila rangi inaangukia wapi kwenye picha tumia ile taa ya zamani ya kubana matumizi ya umeme, ina mistari ya zebaki kwenye nm 435.8 na 546.1 na mstari mwekundu wa karibu nm 611, ambao kwa bahati nzuri uko jirani kabisa na WS2.

Kwenye simu zima kila kitu kinachojiendesha chenyewe, mwonekano, rangi, urembo wa picha, na uhifadhi picha ghafi. Picha za kawaida za simu zimeshakunjwa, mwanga ukiongezeka mara mbili namba haiongezeki mara mbili, na ukizitumia kwenye hatua ya 6 utapata kipeo cha uongo. Simu pia inakata mwanga unaopita nm 700 hivi, kwahiyo WSe2 (kama nm 750) na MoSe2 (kama nm 790) zitaonekana zimezima hata kama zinawaka.

WS2 itegemee nm 615 hadi 620, MoS2 kama 670. Kubadilisha kuwa nishati gawa 1240 kwa nanomita, 670 inakupa eV 1.85. Na ukibadilisha mhimili, kimo cha kila nukta nacho ukizidishe kwa kipeo cha pili cha urefu wa wimbi (λ²), wengi wanasahau hiyo na umbo la kilele linapinda. Angalia pia kama kilele kina bega upande wa nishati ndogo. Bega hilo ni trioni, yaani eksitoni iliyobeba elektroni ya ziada, inakaa eV 0.02 hadi 0.04 chini. Kwenye MoS2 eV 0.03 ni kama nanomita 11 tu na kilele chenyewe ni kipana, kwahiyo usitegemee kuona vilele viwili vimeachana, utalazimika kuingiza mikunjo miwili kwenye programu na kuona inakaaje. MoS2 kwa kawaida ina elektroni za ziada nyingi, trioni yake iko na wewe muda wote.

Hatua ya 6: kupandisha nguvu

Hapa ndo penyewe. Anza chini kabisa, nanowati kama kamera yako inaona, panda mara mbili mbili hadi mikrowati 50 au 100, halafu SHUKA tena kwa nukta zilezile. Kama safari ya kushuka haifuati njia ya kupanda, leza imeunguza au imeoksidisha sampuli, na data zote za juu ya hapo ni za kutupa. Usizitafutie maelezo.

Grafu ya log kwa log sasa inasomeka hivi. Kipeo 1 ni eksitoni zinazoishi kila moja kivyake. Kikianza kuinama na kuelekea nusu, eksitoni zimeanza kugongana na mlango wa tatu umefunguka. Kipeo zaidi ya 1 kwenye nguvu ndogo mara nyingi ni mitego inayojaa kwanza kabla mwanga haujapata nafasi.

Twende na namba. Mikrowati 1 ya nm 532 ni kama fotoni 2.7×10¹² kwa sekunde. Tabaka moja linameza kama asilimia 5. Doa la mikromita 1 lina eneo la kama sm² 0.8×10⁻⁸. Ukigawa unapata eksitoni 1.7×10¹⁹ kwa kila sm² kwa sekunde, tuite G. Ukiwa na τ, muda wa kuishi wa eksitoni, na C, kasi ya kugongana, hali ikitulia:

n = [√(1 + 4CGτ²) − 1] / (2Cτ)

na mwanga unafuata n. Mkunjo unaanza pale CGτ² inapofika kama 1. Thamani za C zilizoripotiwa kwa MoS2, WS2 na WSe2 zilizokaa kwenye oksaidi ni kuanzia kama sm² 0.04 hadi 0.4 kwa sekunde, tuchukue 0.1. Sasa sampuli yenye kasoro nyingi, τ ya pikosekunde 100, inahitaji G ya 10²¹, ambayo ni kama mikrowati 60, yaani hutaona mkunjo mpaka umekaribia kuiunguza. Sampuli safi yenye τ ya nanosekunde 10 inahitaji G ya 10¹⁷ tu, ambayo ni kama nanowati 6!

Hebu rudia kusoma hapo. Sampuli ikiwa nzuri zaidi mara 100 kwenye muda wa kuishi, inaanza kupoteza ufanisi kwenye nguvu ndogo mara 10,000. Watu wawili wakilinganisha sampuli mbaya na nzuri kwa mikrowati 50 wanaweza kukuta tofauti ndogo sana wakasema matibabu ya kuboresha sampuli (tutayaona hatua ya 8) hayakusaidia, kumbe ile nzuri ilikuwa imeshazama kwenye mgongano zamani. Ndo maana nasisitiza hii hatua kuliko zote. Gawa mwanga kwa nguvu, chora ufanisi dhidi ya nguvu, na thamani ya kuandika kwenye ripoti ni ile ya sehemu tambarare ya kushoto.

Tahadhari moja ya hesabu: umbo la mkunjo linakupa Cτ² kwa pamoja, halikupi C peke yake wala τ peke yake. Kuvitenganisha lazima upime kufifia kwa mwanga kwa leza ya mapigo mafupi, au uchukue C ya kazi nyingine na useme wazi umefanya hivyo.

Hatua ya 7: joto

Pasha sampuli kutoka nyuzi 25 hadi 90 na uchukue spektra kila baada ya muda, leza ikiwa kwenye sehemu tambarare. Kilele kinahamia kwenye nyekundu kwa kama eV 0.0003 hadi 0.0004 kwa kila nyuzi, kwahiyo kwa nyuzi 60 utaona nanomita kadhaa hata kwa DVD. Hii inakusaidia pia kinyume: kama kilele kinahama unapoongeza nguvu ya leza, shuku joto kabla ya kushuku fizikia nyingine. Kwa wenye uwezo wa kupoza sana kuna jambo zuri la kuona, MoSe2 ikipozwa inawaka zaidi, WSe2 ikipozwa inafifia, kwa sababu kwenye zile za tangsteni eksitoni ya nishati ya chini kabisa ni ile isiyotoa mwanga na ubaridi unazikusanya zote huko.

Hatua ya 8: kuufungua mlango wa mwanga

Mwaka 2015 kundi la Ali Javey kule Berkeley lilitibu MoS2 kwa asidi kali sana inayoitwa TFSI, ufanisi ukatoka chini ya asilimia 1 hadi zaidi ya 95, na muda wa kuishi ukafika nanosekunde 10.8. Asidi hiyo inataka boksi lisilo na hewa wala unyevu, usiiguse nje ya maabara yenye vifaa hivyo. Habari njema ilikuja 2019 kutoka kundi hilohilo: walionyesha kwamba hata bila asidi, sampuli yenye kasoro zake, ukiziondoa elektroni za ziada kwa volti, ufanisi unakaribia asilimia 100. Yaani mhalifu mkubwa ni trioni, ambayo inakufa haraka bila mwanga, na kasoro ya salfa inaumiza zaidi kwa kuleta elektroni kuliko kwa kunasa.

Hilo unaweza kulijaribu kwa betri. Silikoni yako ikiwa ya kupitisha umeme, oksaidi ya nanomita 300 inakusogezea chaji kama 7×10¹⁰ kwa kila sm² kwa kila volti moja. Kuondoa elektroni 3×10¹² kunahitaji kama volti 40, betri tano za volti 9 zikiwa zimeunganishwa mkia kwa kichwa. Chagua tabaka moja lililoshikana na kipande kinene, kwenye hicho kinene ndo uguse kwa waya mwembamba na gundi ya fedha, kazi inayotaka mkono uliotulia na hadubini. Hasi iende kwenye silikoni, chanya kwenye kipande, weka rezista ya ohmu milioni 1 katikati ili oksaidi ikitoboka usipoteze kila kitu. Panda betri moja moja, kila hatua chukua spektra kwa nguvu ndogo ya leza. Bega la trioni litapungua, kilele kitasogea upande wa bluu kidogo, mwanga utaongezeka. Ukifika volti ambayo mwanga hauongezeki tena, acha hapo hapo na urudie hatua ya 6 yote kuanzia nanowati, utakuta mkunjo umehamia kwenye nguvu ndogo zaidi kuliko mwanzo.